Wanyamavu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari alimkataza kuinama, kugusa jicho, kukaa kwenye moshi na kusoma kwa wiki kadhaa. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini, kwa hiyo nilifunga saluni yangu ya pale Singida mjini nikaenda kwake Ilongero kumuuguza. Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa, na mimi na yeye hatukuwa tumewahi kukaa wawili peke yetu. Nilimwogopa. Alifundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na hata leo humtazama mtu kama anayesubiri jibu.

Siku ya tatu, baada ya uji, aliniagiza nivute begi lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na moja ya shule, yamefungwa kwa kamba ya katani.

"Nisomee la tisa," alisema. "Nimeanza kulisahau."

Nilidhani ni nyimbo za kwaya. Nikaanza: "Mnyamavu haingii mlangoni. Huingia katika dakika ambayo mwenye nyumba ameisahau."

Nikasita.

"Mbona umenyamaza? Endelea."

Ilikuwa hadithi ya wapiganaji wa siri waishio ndani ya chombo kinachozunguka jua lisilo hili letu. Huvaa nguo zinazokunywa mwanga, na wakitaka hupunguza mapigo ya moyo hadi mashine za adui ziwahesabu kuwa mawe. Vita vyenyewe vilikuwa vichache. Kurasa nyingi zilikuwa za mila zao. Mdogo hamwamkii mkubwa kwa sauti. Humwonyesha viganja viwili, na mkubwa huvigusa mara moja. Kabla ya kuzima mtambo wowote, huuomba radhi. Mpiganaji akistaafu huvalishwa njuga miguuni, ili watu waliomlisha miaka yote bila kumsikia wajue sasa anapita wapi.

Nilisoma hadi koo likakauka. Kila nilipomtazama alikuwa ametulia, jicho moja limefunikwa, midomo ikifuatisha maneno.

Jioni nilimpigia mume wangu simu. "Mama yako alianza lini kuandika haya?"

"Haya yapi?"

"Madaftari. Wapiganaji wa angani."

Alicheka. "Hayo ni maandalio yake ya masomo ya zamani. Hutaki kupumzika wewe?"

Miaka yote aliyolelewa katika nyumba ile, hakuwa akijua. Nikabaki nimeshika simu, nisijue kama nimevujisha siri au nimeota.

Daftari la kumi ndilo lililonivuruga. Anatokea mwanamke kutoka chombo kingine, ameolewa na Mnyamavu. Anacheka kwa mwili mzima, anabamiza milango, anaongea na sufuria. Wanyamavu wanakutana kujadili kama anaweza kufundishika. Uso uliniwaka moto. Jana yake tu mama alikuwa ameniambia, taratibu, kwamba mlango wa jikoni haujamkosea mtu.

"Mama, samahani. Huyu mgeni ni mimi?"

Aligeuza kichwa. "Kwani wewe umeolewa angani?"

"Hapana, mama."

"Basi soma."

Nikasoma, lakini hadithi ilikatika katikati ya mkutano.

"Watamfukuza?"

"Sijui. Nimekwama hapo tangu mwaka jana." Kisha akauliza, "Kwenu mkifiwa mnafanyaje?"

Sikuelewa swali limetokea wapi. Nikamweleza kwamba kwetu bibi alikataza uwanja usifagiliwe hadi siku ya tatu, ili nyayo za waliokuja kulia zikae.

Mama aliinua mkono kulishika jicho, akakumbuka katazo la daktari, akaushusha.

"Sisi tulifagia siku ileile," alisema.

Sikujua kama anawasemea Wanyamavu au anazungumzia msiba wa baba mkwe, ambaye alizikwa kabla sijaingia katika ukoo huu. Sikuthubutu kuuliza.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Andika hivyo ulivyosema."

Nikaandika kwa mwandiko wangu kwamba mgeni aliwafundisha watu wasioacha alama popote kuacha nyayo zao mbele ya mlango wa marehemu. Nilipomaliza alinitaka nirudie kusoma, mara mbili. Hakusifu wala hakusahihisha, akaniomba maji ya kunywa.

Jicho lilipona. Siku ya kuondoka alinipa daftari la kumi na moja, tupu kabisa.

"Nifanye nini nalo, mama?"

"Bodaboda anakusubiri," alinijibu, akaingia ndani.

Liko saluni, kwenye droo ya vitana. Nimeandika kurasa nne, nikachana mbili. Akinipigia simu huniuliza habari za wateja na kama mwanawe amekula. Kuhusu daftari hajagusia, na mimi sijui kama nimeachiwa kazi ya kuendeleza hadithi au nimeachiwa daftari nilitunze tu.