Mahindi Juu ya Paa

Nilihamia ghorofa ya nne wakati majengo ya zege na vioo yalipoanza kuota Tunduma kando ya barabara kuu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya Kongo, nyumbani hakai. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu cha sokoni kilikuwa kimevunjwa, nikaona afadhali nishonee humo humo ndani. Sebule ikawa ndiyo kazini.

Sikutulia hata siku moja. Upande mmoja wa sebule ulikuwa kioo kitupu, na chini yake foleni ya malori yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Nikianza kushona upindo, nasikia honi, nainuka kuchungulia. Narudi kwenye mashine, uzi umekatika, nainuka tena kuchemsha chai ambayo siinywi. Wateja nao walipungua. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, niliyemshonea suti za vitenge tangu sokoni, alifika mlangoni akihema. "Bamayo, mkono wako ni mzuri," akaniambia, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "lakini ngazi hizi zitaniua." Hakurudi.

Halafu mama yangu akaja kutoka Nanyala. Alikuwa anatibiwa macho, na daktari alitaka awe karibu. Alikuja na kiroba cha mahindi ambayo hayajakauka vizuri, maana nyumbani hakuwa na wa kumwachia. Siku za kwanza alikaa kwenye kochi, kioo amekipa mgongo.

"Mwanangu, hapa mtu akitaka kukanyaga udongo anakwenda wapi?"

"Anashuka chini, mama."

"Na majirani wako ni akina nani?"

Nilikuwa nimeishi mle zaidi ya mwaka, nikiwajua majirani kwa mlio wa milango yao tu.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinamia gauni la bibi harusi, mashine inaunguruma. Nilipoinua kichwa, kochi lilikuwa tupu na mlango wazi. Nilishuka ngazi mbio, tepu ikiwa bado shingoni. Mlinzi wa getini akasema hajaona bibi yeyote akitoka, lakini sikumwamini. Nikawauliza wauza karanga, nikawauliza wabadilisha fedha. Kila kitenge cha kijani nilichokiona kwa mbali nilidhani ni chake. Macho yake hayaoni vizuri, na malori yale hayamngoji mtu. Mwishowe nilipanda tena nikilia, na nilipofika mlangoni kwangu nikasikia vicheko juu ya kichwa changu.

Nikapanda ngazi za mwisho; mlango wa kwenda kwenye paa ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi juu ya zege, miguu ameinyoosha, mahindi ameyaanika kwenye shuka langu la kitandani. Wanawake wawili wa jengo letu walikuwa wanamsaidia kuchambua yaliyooza.

"Nilikuaga," mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Mashine yako ndiyo haikusikia."

"Mama, leo ungeniua."

Mmoja wa wale wanawake, aliyejitanda ushungi, akasogea kunipisha. "Kaa, dada. Mimi ni wa mlango unaotazamana na wako."

Nikakaa.

Mahindi yalikauka, lakini mwenye jengo alipopata habari alipiga kufuli mlango wa paa, akasema hapa si kijijini. Mama alirudi Nanyala macho yakiwa na nafuu. Mimi na yule jirani wa ushungi tukazoea kuacha milango wazi mchana, tukizungumza kupitia korido huku nikishona. Hata hivyo sikuweza kukaa. Bado nilikuwa nainuka bila sababu, nasimama kwenye kioo, nashindwa hata kusema natafuta nini. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, nikapata chumba huko Mpemba, pembeni mwa mji, cha chini, mlango unafungukia barabarani.

Jirani alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Tulishusha cherehani pamoja, tukipumzika kila ghorofa. Tulipoipandisha kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, alilia kuliko mimi.