Mwanakombo Hakutulia

"Mlevi yule, nawaambieni! Tembo la mnazi, na buibui juu!" Bi Wahiba alisema kisimani Temeke, na wanawake wakacheka mpaka mmoja kamba ya ndoo ikamponyoka.

Mwanaasha, mtoto mgongoni, hakucheka. Alipanga chumba kwa Mwanakombo, ukuta kwa ukuta, na hakuwahi kunusa tembo. Aliyoyaona ni mengine. Mwanakombo, msusi wa mikeka aliyesifiwa mpaka Kinondoni, mkono ulimruka kama umeumwa na siafu, ukili ukamtoka vidoleni. Baadaye shingo, kisha miguu, ikawa inakwenda isikotumwa. Mamaye alianza hivyohivyo. Mjomba wake Shomari naye. Watoto walimfuata njiani wakimpigia makofi acheze.

Nduguze wakasema ni pepo wa ukoo, apungwe. Ngoma ikapigwa tangu adhuhuri. Wanawake wote uwanjani wakatikisika, na Mwanakombo katikati yao akaonekana mtu kama watu. Hata uso ulimkunjuka. Kisha mganga akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Wote wakatulia. Mwanakombo hakutulia.

"Tulia basi, we mwanamke!" shangazi yake akafoka.

"Nimetulia," akasema, na bega likaruka. "Kutulia kwangu ndiko huku."

Mganga akafunga ngoma zake bila kumtazama. Tangu siku hiyo nduguze hawakukanyaga tena kwake.

Mwanaasha akawa anamlisha uji, mtoto wake paja moja, bakuli paja la pili. Uji wenyewe haukuwa na sukari, wakati ule wa vita ilikuwa ya mgawo.

"Leo nina watoto wawili," alimtania.

"Na mkubwa ndiye anayechafua," Mwanakombo akajibu, uji ukimchuruzika kwenye kanga.

Ndipo posa ya binti wa Mwanakombo, Mwanabaraka, ilipokuja kutoka Bunju. Msichana akiwapelekea wageni kahawa, kikombe kikamponyoka. Kikombe tu, nani hajavunja kikombe? Wageni wakacheka, wakaahidi kurudi Ijumaa kuchukua jibu. Mwanakombo hakucheka.

Walipoondoka, na binti yuko uani anaosha vyombo, mama akaita, ulimi mzito.

"Mwanaasha, mwanangu."

"Abee, Bi Mwanakombo."

"Akiingia, mshike mkono. Ushike kitambo, mpaka uwe na hakika, kisha uniambie kweli, usinihurumie. Mie nikimshika, sijui unaoruka ni wake au wangu."