Bi Vumbi na Umeme wa Mchana

Mtaani walimwita Bi Vumbi, na hakuchukia, kwa sababu kila walipomwona alikuwa mweupe wa unga kuanzia nyusi hadi kandambili. Mashine ya kusaga aliirithi kwa shangazi yake, pamoja na banda la mabati, mizani yenye sahani iliyopinda, na manung'uniko ya majirani. Maana mashine ile ilikuwa na tabia yake. Ukiwasha mota, taa za mtaa mzima zinafifia kama macho ya mtu anayesinzia. Na watu huleta nafaka saa ngapi? Jioni, wakitoka kazini, saa zile zile ambazo kila nyumba imewasha taa, pasi, jiko na televisheni.

Transfoma ya mtaa ilishaungua mara mbili. Mara ya pili watu walikaa gizani siku kadhaa, na Bi Vumbi akawa anapita barabarani akitoa salamu zinazojibiwa nusu nusu. Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Mwenye kinyongo zaidi alikuwa jirani yake, fundi cherehani, ambaye mashine yake ya umeme ilikwama katikati ya mshono kila jioni mota ya Bi Vumbi ilipoanza kunguruma. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akija kusimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, anamtazama, kisha anarudi zake.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Mumewe alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Akiondoka, mke bado yuko mashineni. Akirudi asubuhi, mke ndiyo kwanza anatoka. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, na wawili hao wakawa wanaishi chini ya paa moja kama wapangaji, wakiachiana chakula kilichofunikwa kwa sahani.

Basi kampuni ya umeme ikatangaza bei mpya. Afisa wao alikuja kwenye uwanja wa shule akaeleza kwa upole: umeme wa jioni utapanda, kwa sababu jioni kila mtu anautaka kwa pamoja na mitambo inaelemewa; wa mchana utashuka, kwa sababu jua likiwaka, umeme unaozalishwa kwa jua unakuwa mwingi kuliko watumiaji. Kinyozi wa mtaa akamwuliza kama anamjua mtu yeyote anayenyolewa mchana siku ya kazi. Watu walicheka. Kinyozi mwenyewe hakucheka.

Bi Vumbi alirudi nyumbani miguu mizito. Wateja wake walikuwa wa jioni. Akipandisha bei watamkimbia. Asipopandisha, atakuwa anasaga hasara. Alijaribu kupandisha kidogo, na wiki haikuisha kabla foleni yake haijawa ya watu wawili watatu. Akaanza kuwaza nani atainunua mashine ya shangazi.

Asubuhi moja fundi cherehani akaja kusimama mlangoni kama kawaida yake. Mota ilikuwa imezimwa, kwa hiyo Bi Vumbi hakujua amekosa nini tena.

"Dada," fundi akasema, "mimi nafungua mapema, na watu wanapita kwangu wakienda kazini. Waambie waniachie viroba vyao. Wewe saga mchana, wao wachukue jioni."

Bi Vumbi alimtazama kana kwamba cherehani yenyewe ndiyo iliyosema. Akamwuliza kwa nini amsaidie, baada ya yote yaliyopita.

"Sikusaidii wewe. Nataka jioni nimalize mshono wangu bila kukatizwa."

Jibu hilo lilimtia moyo kuliko hisani yoyote, maana mtu anayetafuta lake hachoki njiani. Siku hiyo hiyo fundi akakata mabaki ya vitambaa vipande viwili viwili vya kufanana: kimoja kifungwe kwenye kiroba, mwenzake aondoke nacho mteja.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Unga ni kama mtoto, mama mmoja alisema, usiposhuhudia anazaliwa utabadilishiwa. Waliojaribu walikuwa wachache, wakivutwa na bei nafuu ya mchana. Halafu bibi mmoja anayeheshimika akarudi na kiroba chake, akasema mbele za watu kwamba yeye alileta mahindi meupe, na huu unga una rangi ya majivu. Bi Vumbi akamwomba bibi kipande chake cha kitambaa. Vitambaa vililinganishwa, vikalingana. Watu hawakuridhika. Mwishowe akamwomba bibi waende wote nyumbani kwake wakaulize nani alipakia ile nafaka. Huko mke wa mwanawe akaeleza, bila wasiwasi, kwamba mahindi hayakutosha, kwa hiyo aliongezea mtama.

Bibi alikaa kitako kwenye kigoda. "Mwanangu," akamwambia Bi Vumbi, "nimemsema mwizi asiyekuwepo. Niachie mimi." Na kuanzia hapo akawa mpiga debe wao; kila aliyesita alipelekwa kwa fundi na bibi mwenyewe.

Viroba vikajaa kwa fundi mpaka wateja wake wa nguo wakawa wanavikalia. Jioni taa za mtaa zilikaa zimetulia, na mafundi wa umeme waliokuja kukagua transfoma waliikuta haichemki kama zamani. Si kila mtu aliyepona. Kinyozi bado alinyoa jioni kwa bei ya jioni, na Bi Vumbi akipita pale humwonea huruma, kwa kuwa nywele hazifungwi kitambaa zikaachwa kwa jirani.

Siku ya kwanza alipomaliza viroba vyote kabla jua halijazama, alimkuta mumewe anapiga viatu rangi. Mume alishtuka, akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nimemaliza kazi."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Wakala chakula cha moto, pamoja, bila kujua waanzie wapi mazungumzo. Wakaanzia kwa wajukuu. Mume alicheka, akasimulia, akasahau saa, ikabidi atoke mbio kuelekea lindoni kamba za kiatu kimoja zikiburuta. Bi Vumbi akabaki mezani na sahani mbili, hana haraka ya kuziosha. Asubuhi, kabla ya kwenda kulala, mumewe alimwuliza leo atarudi saa ngapi, ili ateleke chai.