Daftari la Bi Thacker

Verlene Pettus alikuwa jirani yangu. Kwa miaka kumi na tisa aliishi na mwanamume ambaye sheria ya jimbo letu la Virginia, Marekani, ilimkataza kumwita mume. Yeye mweusi, mwanamume huyo, Harlan Stoops, mweupe, mpasua mawe bapa ya kuezekea nyumba kwenye machimbo yetu. Huku milimani kila mtu alijua na kila mtu alijifanya hajui, mpaka askari walipotaka kujipatia sifa. Mara mbili walimlaza Verlene rumande. Nasi weusi wenzake kanisani hatukuwa bora, niseme ukweli. Mikate yake ya mahindi tuliila vizuri tu, halafu tukamsema.

Mwaka 1967, mwezi wa sita, mahakama ya juu kabisa ya nchi iliifuta sheria ile. Wakati huo vumbi la mawe lilikuwa limeshamla Harlan kifua, na daktari hakumficha kitu. Hofu ya Verlene ilikuwa moja: Harlan akifa kabla ya ndoa, dada yake Loretta angeuchukua mwili akauzike kwenye makaburi ya weupe, na yeye Verlene asingeruhusiwa hata kusogea kaburini. Loretta alishalisema hilo waziwazi. Alikuwa akimpa Verlene mashuka ya kufua na kupiga pasi, na midomoni mwake Verlene alikuwa "yule mfuaji" tu.

Wakaenda kwa karani wa wilaya, nami nikawa shahidi. Karani, Bi Thacker, hakuwakatalia. Alieleza kwa upole kwamba ana madaftari mawili, la ndoa za weupe na la ndoa za weusi, na wao wawili hawaingii katika lolote. Ameandika barua makao makuu kuomba daftari la tatu, kwa hiyo wasubiri.

Jumatatu tatu tulirudi, Jumatatu tatu barua haijajibiwa. Nilikuwa nachemka. Majaji tisa wameshaamua, anayetuzuia ni mama mmoja na rafu yake ya vitabu!

Jumatatu ya nne Harlan alipanda ngazi za ofisi akipumzika kila kipandio. Akaegemea meza mpaka pumzi ikamrudia.

"Bi Thacker, tuandike kwenye lile la weusi."

"Harlan, ukoo wako wote umo kwenye la weupe, tangu babu zako. Wino ukikauka, mimi siwezi kuufuta."

"Ndiyo maana nataka wino."

Verlene alimvuta mkono, akamwomba asijishushe kwa ajili yake. Harlan akamgeukia.

"Miaka kumi na tisa tunakula chungu kimoja, Verlene. Leo ndiyo unanionea aibu?"

Verlene akacheka, kisha akalia, palepale mbele ya karani. Bi Thacker alifungua daftari, akaandika, akagonga muhuri, na hakututazama usoni.

Harlan alifariki mwezi wa tisa. Loretta akaja asubuhi yake na gari la kubebea maiti. Verlene akamwonyesha cheti cha ndoa. Loretta hakukijali, alikwenda moja kwa moja kwa wazee wanaosimamia makaburi ya weupe ili wamwandalie ndugu yake nafasi. Wazee wakaenda kulitazama daftari. Walipoona jina la Harlan liko wapi, wakamjibu kwamba wilaya yenyewe imeshaandika mtu huyu ni wa kina nani, kwao hana nafasi. Walidhani wanamwadhibu marehemu.

Mimi nilifurahi, sifichi. Verlene hakufurahi hata kidogo. Alisema Loretta naye amefiwa.

Tulimzika Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa letu. Verlene aliketi benchi la mbele, benchi la mjane, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Ibada ilipokaribia kuanza, Loretta akatokea mlangoni peke yake, amevaa nguo nyeusi. Hakuwahi kuingia kanisani kwetu, hakujua pa kukaa. Watu wakamkazia macho, wala hakuna aliyempisha. Nilikuwa mmoja wao.

Verlene aligeuka, akamwona. Akasogea upande, akagonga ubao wa benchi kwa kiganja.

"Wifi," akasema, "wafiwa tunakaa huku."

Loretta akaja, akakaa.