Namba ya Ukuta wa Jikoni

Makaa yalikwaruza ukuta. Nilisikia mkwaruzo ule nikiwa bado kitandani, kisha kimya, kisha mkwaruzo tena, nikajua dada yangu ameamka na anagawanya. Nilimkuta jikoni amepiga magoti, shavu lina masizi, tarakimu zimejaa ukutani.

Juu kabisa baba alikuwa ameandika 1,022,117. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, hapo kwetu Matungu. Dada alipomaliza kidato cha pili, baba alisema amesoma vya kutosha. Watu wa Chekalini walimposea kijana wao, na siku ya kuja kumchukua ilishapangwa. Dada alilia mpaka baba akachoka.

"Haya. Niambie kama hii ni tasa au si tasa kabla wageni hawajaja. Ukipata, utarudi shule."

Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha, tukiwa wadogo, kando ya barabara trekta za miwa zikipita. Alitusomea namba ya trekta, nasi tukashindana.

"Tasa!" nilipayuka.

"Tasa ya wapi? Kumi na tatu inaingia," dada alisema, na baba akacheka hadi kofia ikamwanguka.

Sasa dada alijaribu namba tasa moja baada ya nyingine. Mbili na tano hazikuingia, maana mwisho kuna saba. Tatu haikuingia, maana tarakimu zikijumlishwa zinatoa kumi na nne. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya mkato. Kila moja iliacha baki. Aligawanya kabla ya kwenda mtoni na baada ya kutoka shambani, vidole vyeusi.

"Huo ukuta utausiriba wewe," mama alimwambia. "Wageni watadhani hapa tunapika hesabu."

"Nitausiriba, mama. Nikimaliza."

Aliishia 997. Elfu mara elfu ni milioni, alinieleza. Kigawo chochote kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote ameshawajaribu. Alikuwa akitabasamu. Akamwita baba.

"Ni tasa, baba."

Baba aliusoma ukuta toka juu hadi chini. "Umeishia wapi, mama?" Alimwita hivyo kwa kuwa dada amerithi jina la bibi, mama mzazi wa baba.

"Mia tisa tisini na saba."

"Kwani hii ni milioni kamili?"

Baba aliokota kaa, akaandika 1009, na chini yake 1013, akazidisha polepole kama yuko darasani. Ikatoka ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Namba tasa inayofuata 997 ni 1009. Alikuwa amebakiza moja tu.

"Nilijua utachokea hapo," baba alisema, bila kejeli. "Wote huchokea hapo."

"Nipe nyingine, baba."

"Wageni ni kesho."

Jioni dada alichanganya udongo na samadi, akausiriba ukuta kwa mikono yake. Ile namba ya juu aliiacha mwisho, akapanda kigoda kuifikia.

Wageni walikuja, wakala ingokho, kuku wa kienyeji, wakasifu jiko lilivyo safi. Walipoondoka, dada aliondoka nao. Alipitia jikoni kwanza, akagusa ukuta uliokuwa bado mbichi, akajifuta kidole kwenye kanga, akatoka.

Baba ndiye aliyefunga mlango.