Mechi ya Nyumbani Iliyochezwa Karonga

Mwaka ule nilikuwa golikipa wa timu ya wanawake ya Iringa. Asubuhi nilifundisha darasa la nne, jioni nilivaa glavu. Katika timu yetu hakukuwa na hata mmoja aliyeishi kwa mpira. Nahodha alikuwa muuguzi, mabeki wawili walilima nyanya Ilula, na winga wa kushoto alikuwa fundi cherehani ambaye jezi zetu zikichanika alizishona pale pale kwenye nyasi. Tulicheza ligi ndogo ya timu za nyanda za juu, na nusu ya mechi zetu tulizicheza nyumbani, kwenye uwanja ulioinama kidogo upande wa kusini. Watu wetu walikaa kwenye mawe makubwa yaliyo juu ya uwanja. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka sokoni, wengine kutoka mazoezi ya kwaya, Walutheri upande huu na Wakatoliki upande ule. Haukuwa ugomvi, ni mazoea tu.

Jumanne moja, baada ya mazoezi, kocha alituambia tukae chini. Alisema mechi yetu ya nyumbani dhidi ya Mbeya haitachezwa Iringa. Itachezwa Karonga, Malawi.

Alieleza kwamba mfadhili wa ligi, bwana mmoja wa Ubaruku anayetengeneza na kuuza mashine za kukoboa mpunga, alikuwa anafungua duka lake huko Karonga, ambako nako watu wanalima mpunga. Alitaka ufunguzi wa duka uwe na mechi, tena mechi ya ligi yenye pointi, isiwe bonanza. Kamati ya ligi ilikubali. Usafiri, chakula na malazi vilikuwa juu yake. Na kwa kuwa ratiba ilionyesha kuwa ni zamu yetu kuwa wenyeji, basi tutakuwa wenyeji huko huko.

Tulibishana hadi giza likaingia. Wengi tulifurahi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka mpaka wowote. Nahodha peke yake hakufurahi. Alisema tunawanyang'anya watu wetu mechi kubwa kuliko zote za msimu. Alisema kweli, lakini siku ile hatukutaka kumsikiliza.

Mzee aliyeongoza mashabiki wetu, karani mstaafu ambaye hakuwahi kukosa mechi, alikuja kesho yake kumwona kocha. Hakugomba. Aliuliza tu kama wao wataruhusiwa kukaa kwenye mawe yao siku hiyo na kusikiliza mechi kwa simu. Kocha akamwahidi kwamba mtunza vifaa wetu atapiga simu na kutangaza kila kitu, na yeye mzee ataiweka simu kwenye kipaza sauti cha kanisa.

Mama yangu naye alinikuta napanga nguo, akasimama mlangoni akiniangalia.

"Umesema mechi ni ya nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa begi la nini?"

Nilijaribu kumweleza habari za mfadhili na kamati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kunitafutia sweta nene, ingawa nilimwambia Karonga ni joto. Kwa mama yangu hakuna mahali penye joto.

Ijumaa alfajiri tuliondoka na basi la kukodi, tukiwa na hati zetu za dharura za kusafiria, kila mmoja ameishika yake mkononi kama mtoto aliyepewa cheti. Igawa tulisimama kula wali. Hapo ndipo mfadhili alipotukuta, akitokea Ubaruku na gari lake la mizigo, na nyuma ya gari mashine mpya ya kukoboa imefungwa kamba na kufunikwa turubai. Alitusalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, halafu akatangulia. Njia nzima tuliifuata ile mashine.

Jambo ambalo kocha hakutuambia ni kwamba basi lilikuwa moja kwa timu mbili. Tulipofika Mbeya, tuliingia mtaa wa Soweto kuwachukua wapinzani wetu. Msimu uliopita tulikuwa tumegombana nao juu ya penalti hadi polisi wa uwanjani wakaingilia kati, na tangu hapo hatukusalimiana. Walipanda kimya, wakatafuta viti. Mshambuliaji wao, mwanamke mrefu, muuza mitumba wa pale pale Soweto, ambaye katika mechi tatu alikuwa amenifunga magoli manne, alikuta kiti kimoja tu kimebaki. Kilikuwa pembeni yangu.

Kutoka Uyole mpaka karibu na Tukuyu hatukusema neno. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa ndizi za kuchoma, akanipa mbili bila kuniuliza. Nilizipokea. Nikampa karanga. Aliniuliza kama kweli nafundisha, nikamwambia ndiyo. Akasema mwanawe wa kwanza anasumbuliwa na hesabu za kugawanya. Kutoka hapo mpaka Kyela tuliongea habari za kugawanya, na mimi nilimchorea mafungu kwenye kioo cha dirisha kilichojaa vumbi. Nyuma yetu mabeki wa Ilula walikuwa wanawaeleza wenzao wa Mbeya dawa ya wadudu wa nyanya. Kila tulivyoteremka joto lilizidi, na watu wa Iringa tulivua masweta moja baada ya jingine.

Mpakani, kwenye daraja la Songwe, tulipanga foleni. Mshambuliaji alikuwa mbele yangu. Alipofika upande wa Malawi akaanza kuongea na akina mama waliokuwa wakivuka na mizigo yao, wakacheka, wakashikana mikono. Alikuwa anaongea Kinyakyusa, nao walimjibu bila shida.

"Mbona hawa wanaongea lugha yenu?" nilimuuliza.

"Hawa ni Wangonde, dada yangu. Sisi na wao ni ndugu. Wakisema, nasikia. Nikisema, wanasikia." Alinitazama, na nikaona tabasamu linaanza. "Kwani ninyi wenyeji hamkulijua hilo?"

Nilikwenda kumwambia kocha. Alivua kofia, akajipepea nayo, akasema mpira unachezwa kwa miguu, hauchezwi kwa ulimi. Lakini niliona limemwingia.

Mechi ilipangwa kuanza Jumamosi saa tisa alasiri. Saa nane tulikuwa uwanjani, sehemu tambarare isiyo mbali na ziwa, lile tunaloliita Nyasa nao wanaliita Malawi, na siku ile hatukubishana. Tulikimbia, tukaruka, tukapiga mashuti. Jua lilikuwa kali kuliko kitu chochote nilichowahi kukijua. Watu wa Mbeya walikaa chini ya kivuli cha jengo, wamevua viatu, wanatuangalia. Tulidhani ni dharau. Saa tisa ilifika, na refa hakuwepo. Ndipo mtunza uwanja alipotujia akacheka kwa upole, akatuambia kwamba kwa saa za Malawi ilikuwa saa nane. Wao wako nyuma yetu kwa saa nzima. Watu wa Mbeya walilijua hilo tangu utotoni.

Kwa hiyo tuliingia kwenye mechi tukiwa tumechoka kama waliokwisha kucheza moja. Mtangazaji alitutambulisha kuwa ndio wenyeji, watu wakapiga makofi ya heshima. Alipowataja Mbeya, na nahodha wao akashika kipaza sauti na kuwasalimia kwa Kinyakyusa, uwanja wote ulisimama. Dakika ya ishirini hivi, mshambuliaji aliyenipa ndizi alinizunguka, akafunga. Sijawahi kusikia kelele kama zile kwenye mechi yetu ya nyumbani.

Nyuma ya goli langu alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo na beseni la maandazi. Aliniona nimeshika magoti nahema, akanisogezea chupa ya maji. Nilimwamkia, akaitikia kwa Kiswahili cha watu wa biashara za mpakani.

"Wametangaza ninyi ndio wenye mechi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa watu wenu wako wapi?"

Nilimwambia wako Iringa, wamekaa kwenye mawe, wanasikiliza simu. Alinitazama kama aliyeambiwa kuna msiba. Kisha akawageukia waliokaa karibu naye, akawaambia jambo kwa lugha yao, kwa kirefu, huku akininyooshea mkono. Mpira ulikuwa upande wa pili, hivyo nilipata nafasi ya kugeuka tena. Akaniuliza kwetu tunasalimianaje. Nikamwambia tunasema kamwene.

Mara ya kwanza walisema kama watu kumi tu. Nilidaka mpira rahisi kabisa, nao wakasema kwa pamoja, "Kamwene!" Beki wangu aligeuka akidhani tumepata wageni kutoka nyumbani. Kufikia mapumziko, upande wote wa nyuma ya goli ulikuwa unaitikia.

Wakati wa mapumziko mfadhili aliiwasha mashine yake kando ya uwanja. Ilikoboa vizuri sana, na mchele mweupe ulitoka kama alivyoahidi, lakini upepo wa ziwani ulichukua pumba zote ukazimwaga kwenye benchi letu. Kocha alitupa maelekezo ya kipindi cha pili akiwa na nyusi nyeupe. Ilikuwa vigumu kumsikiliza, na hata yeye mwishoni alicheka. Nahodha, ambaye hakuitaka safari hii tangu mwanzo, ndiye aliyetuambia maneno yaliyobaki kichwani mwangu: watu wamejitolea kuwa wetu bila kutujua, basi tuwachezee.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande. Nilikwenda upande wa pili nikijua kwamba nawaacha marafiki zangu. Nilipogeuka, niliwaona wanakuja. Yule mama alikuwa mbele na beseni kichwani, wengine wanamfuata, wamebeba mikeka na viti, wanazunguka uwanja mzima kwa utaratibu mpaka nyuma ya goli langu jipya. Wakaketi, na mama akatua beseni.

Tulisawazisha kwa kona. Fundi cherehani aliipiga, nahodha akaruka katikati ya mabeki wawili, akapiga kichwa. Waliosema kamwene safari hii walikuwa nusu ya uwanja. Dakika za mwisho mshambuliaji wa Mbeya aliwatoroka mabeki wetu, akabaki na mimi tu. Natamani kusema kwamba niliuokoa ule mpira kwa ustadi. Niliutokea, nikafumba macho, ukanigonga kwenye paji la uso ukatoka nje. Nilipofumbua, nahodha alikuwa ameniinamia ananyoosha vidole viwili, ananiuliza ni vingapi, na mshambuliaji amepiga magoti upande wa pili ananipepea kwa jezi yake. Mechi iliisha kwa sare ya moja kwa moja.

Jioni ile tulikula pamoja timu zote mbili, samaki na wali wa mchele uliokobolewa na mashine ileile. Mfadhili alisema wateja watatu wameshakubali kununua. Jumapili tuliimba kutoka Kasumulu, pale mpakani, hadi Soweto, wao nyimbo zao, sisi zetu, na tulipofika pa kuagana hatukuona aibu kukumbatiana.

Iringa tulifika jioni. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yangu, akanishika mkono akasema, "Poleni." Wa pili naye, poleni. Mama alikuwa amepika kuku, na alinipokea kwa sauti ya chini kama mtu anayempokea mfiwa. Nikauliza kuna nini.

Kumbe mtunza vifaa wetu alipiga simu saa tisa kamili kwa saa za kwetu, kama alivyoahidi. Watu wote walikuwa kwenye mawe. Kwa kuwa mechi ilikuwa haijaanza, yeye akawatangazia mazoezi, saa nzima, nani ameruka na nani amefunga kamba za viatu. Mechi ilipoanza chaji ilikuwa inaelekea kwisha. Aliwahi kusema kwamba Mbeya wamefunga, kisha simu ikazima, na baadaye, kwa shamrashamra za sare, akasahau kupiga tena. Watu walikaa mpaka jua likazama, wakaenda nyumbani na huzuni, na Jumapili asubuhi makanisa yote mawili yalituombea tufarijike.

Kabla sijala nilikwenda kwa yule karani mstaafu. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nilimwambia ni sare. Aliacha maharage, akavaa miwani, akataka kuona paji langu, maana nilikuwa na nundu kubwa. Akaniambia nianze tangu tulipotoka Iringa. Nilipofika kwa wale watu wa Karonga waliohama goli kwenda goli, aliniomba nirudie mara mbili.

"Mechi ilikuwa yetu," alisema. "Nimefurahi mmepata watu. Lakini ilikuwa yetu."

Nilimwambia anayo haki. Na mpaka leo, nikisikia ligi kubwa za dunia zinapeleka mechi zao nchi za mbali na watu wanabishana redioni, nawaelewa wote wawili, anayefurahi kufikiwa na anayelalamika kuachwa. Mwisho wa msimu tulikaa kikao na kamati. Nahodha alizungumza kwa niaba ya watu wa mawe, mimi nikazungumza kwa niaba ya Karonga. Ikaamuliwa kwamba mechi za pointi zichezwe nyumbani, na kila mwaka kabla ya ligi twende Karonga kucheza ya kirafiki. Tumekwenda mara mbili sasa, na mara ya pili mzee alipanda basi pamoja nasi.

Mwezi wa saba mshambuliaji wa Mbeya alikuja Iringa na marobota ya masweta ya mitumba, akalala kwangu siku tatu. Baridi ilikuwa kali, akauza yote. Usiku wa kwanza tu mama alikuwa akimwita "binti yangu," na asubuhi nilimkuta amekalia kigoda changu jikoni, anapewa kikombe cha chai ninachotumia mimi. Mwanawe, aliniambia, sasa anagawanya mpaka kwa tarakimu mbili.