Kaseti Yenye Nafasi Tatu

Ninyi mliokulia Nyangoto kabla ya uzio wa mgodi mkubwa kujengwa mtanisaidia kukumbuka, maana kumbukumbu ya mtu mmoja haikosi matundu. Mnakumbuka vumbi lile la mawe, lililoingia hadi ndani ya sufuria ya uji wa ulezi? Mnakumbuka akina mama wakiponda mawe kwenye vinu vya chuma, ko, ko, ko, tangu asubuhi, hata vitoto vichanga vikashindwa kulala siku ambayo kulikuwa kimya? Tulikwenda shule pekupeku, tukarudi na njaa, tukala viazi vitamu kwa dagaa, na bado jioni tulikuwa na nguvu za kukimbizana. Siku hizi nawaona vijana wanahema kwa kupanda ngazi nne za msikiti, halafu wao ndio wananiambia mimi, "Pole mzee." Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuwacheka.

Baba yangu alikuwa na duka la sururu, kamba, tochi na betri. Mchimbaji mmoja kutoka ng'ambo ya Sirari alizoea kuja kunywa maji barazani kwetu, na siku aliyorudi kwao moja kwa moja alituachia zawadi sisi watoto. Ilikuwa mashine ya gemu ya kushika mkononi, ya kijivu, nzito kama kipande cha tofali, pamoja na kaseti moja tu. Ndani ya kaseti hiyo kulikuwa na kijana mwenye taa anayepita mapangoni na misituni akiutafuta mji wa kwao. Baba aliikagua, akaona haina uchafu, akasema, "Mtacheza baada ya chuo cha Kurani na baada ya kazi. Na betri mtatumia zilizochoka kwenye tochi." Basi tukawa tunazianika betri juu ya bati la jiko, kama dagaa, ili jua lizipe nguvu za nusu saa.

Shida ilikuwa moja. Kaseti ile ilikuwa na nafasi tatu za kuhifadhi safari, na kila nafasi ilipokea jina la herufi nne, basi. Sisi tulikuwa wanne: kaka yangu Juma, mimi Iddi, na majirani zetu wawili, Mwita na Robi. Jina la Mwita halikutosha, akabaki MWIT, na wiki nzima tulimwita hivyo mpaka akatupiga. Tulipiga kura kwa vijiti. Juma, Mwita na Robi wakapata nafasi. Mimi nikashika kijiti kifupi, nikawa mtu wa kuanika betri na kutazama.

Baba yake Mwita alikuwa na duara, kama tulivyoyaita mashimo ya kuchimbia dhahabu, na Mwita ndiye aliyetuletea sheria.

"Mura, hii kaseti ni kama machimbo," aliniambia, akiniita kijana kwa Kikurya. "Duara likilala siku saba hakuna mtu ameshuka, anaingia mwingine. Na wewe utangoja hivyo hivyo."

Tulikubali wote, Robi wa kwanza.

Robi ndiye aliyekuwa hodari kuliko sisi sote. Sisi wavulana tulikimbia, tukaanguka, tukaanza upya. Yeye alitembeza kijana wake polepole, akigonga kila jiwe, akisimama mbele ya kila mtu njiani kana kwamba anamwamkia, ingawa maneno yaliyotokea ya Kiingereza hatukuyaelewa. Neno moja tu tulilijua kabla mwalimu hajatufundisha, lile la kufuta. Kidole kikilikaribia tulishikana mikono.

Kisha mama yake Robi akateleza akitoka mtoni kuosha mchanga, akavunjika mguu. Walimpeleka hospitali Mugumu, na Robi akaenda kumuuguza. Mimi nikaanza kuhesabu. Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri, nikadai haki yangu. Juma aliangalia pembeni. Mwita akasema, "Sheria ni sheria." Nikabonyeza. Jina la Robi likapotea, nikaandika la kwangu. Sitawaficha, siku ile nilikuwa na furaha sana.

Walirudi baada ya wiki tatu, mama akitembea kwa magongo. Tukaenda kumjulia hali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Iddi, umekuja na ile mashine yenu? Itoe. Mguu ulivyokuwa unaniuma kule, huyu Robi alinisimulia huyo kijana wake kila siku, hatua kwa hatua. Nataka nimwone kwa macho. Tulimwacha kwenye daraja la kamba."

Robi akaiwasha. Akatazama, akatazama tena.

"Nafasi yangu iko wapi?"

"Zilifika siku saba," Mwita akasema.

"Nilikuwa nauguza!"

"Hata kama. Zilifika."

Robi hakulia. Aliiweka mashine mapajani kwa mama yake, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Mtungi wao ulikuwa umejaa pomoni.

Habari zilimfikia baba kabla sijafika nyumbani. Nilijitetea kwa sheria ya duara. Alikuwa anakunja kamba, hakuacha kukunja.

"Sheria mmeichukua nusu," akasema. "Mwenye duara akiwa na mgonjwa au msiba, wenzake huweka tawi mdomoni mwa shimo, na siku hazihesabiwi mpaka arudi. Muulize mchimbaji yeyote. Nenda ukaombe radhi, kisha urudishe ulichoondoa."

"Baba, hakirudi. Kikifutwa kimefutwa."

"Mimi sijui mambo ya mashine. Ninajua haki ya mtu."

Kesho yake nilifuta jina langu mwenyewe, nikaandika ROBI, nikaenda kwao. Robi hakutaka kuniona. Ni mama yake aliyeniita, amelala mkekani, mguu juu ya gunia.

"Kaa hapa. Washa."

"Mama, njia aliyopita siijui."

"Mimi naijua."

Basi wiki mbili nzima, kila nikitoka shule, nilikaa kando ya mkeka ule nikielekezwa. Kioo kilikuwa kidogo, kutoka pale alipolala hakuona kitu, na mara nyingi alikuwa amefumba macho. "Hapo usiingie, kuna popo. Zunguka kwenye kisima." Nikizunguka, kweli, njia ipo. Siku moja nilipitia kijiji kwa haraka, akanisimamisha.

"Umemsalimu yule bibi wa mlangoni?"

"Hana faida, mama."

"Robi alimsalimu. Rudi."

Nikarudi. Robi alikuwa anapita na ndoo yake, mara kwenda, mara kurudi, hatuangalii. Siku tuliyofika daraja la kamba nikasikia sauti juu ya bega langu.

"Si hapo. Nilisimama huku, karibu na jiwe."

Nikamsogeza kijana mpaka kwenye jiwe. Robi akaichukua mashine, akahifadhi mwenyewe, akapuliza vumbi kwenye kioo.

"Kesho ni zamu yangu," akasema. "Na wewe, mura, utakaa pembeni yangu. Ole wako uguse."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana nilijua nimesamehewa. Nafasi ya kwangu sikuipata tena, na nilimfuata kijana yule hadi mjini kwao nikiwa nimekaa pembeni ya Robi, naanika betri.

Leo watoto wetu hawapigi kura kwa vijiti. Simu moja inabeba magemu, mawaidha, harusi na misiba ya ukoo mzima, na ikijaa wanafuta bila kuitana. Mwezi uliopita yangu iligoma kupokea picha za mpwa wangu, nikampa kijana wangu wa mwisho aitazame. Hata kitini hakukaa. Akapitisha kidole mara mbili tatu, akanirudishia.

"Tayari baba, nafasi ipo tele."

Nikamuuliza amefuta nini. Akafikiri kidogo, kwa adabu, kwa sababu ni mtoto mwema, kisha akasema hakumbuki.